Mzee Harudi Kwake Kinyumenyume

Goti langu lilikuwa ndani ya kiti cha mtoto, nikikikandamiza kwa uzito wangu wote huku mkono ukivuta mkanda wa gari. Ukaniponyoka. Nikaanza upya: mkanda wa kiunoni upite kwenye matundu ya buluu, wa begani uzunguke nyuma ya kiti, funga, kandamiza, vuta. Kisha nikakishika pale mkanda unapopita, nikakitikisa. Kijitabu chake kinasema kisicheze zaidi ya upana wa kidole gumba. Hiki kilicheza kama jino linalotaka kung'oka.

Kesho yake tulikuwa twende Katito, kwenye boma la marehemu baba mkwe wangu, Mzee Ogola, kwa ibada ya kumkumbuka. Mwanangu ana jina lake. Hajafika miaka miwili, lakini mama mkwe wangu, Dorca, humwita Jaduong', yaani mzee, na akifurahi zaidi humwita mume wangu. Humuuliza kwa adabu kama uji umemridhisha. Mimi hucheka tu. Sioni ubaya.

Dorca alitoka nyumbani, akasimama kando ya gari akitazama.

"Mama Ogola, hicho kiti umekigeuza."

"Ndivyo kinavyokaa, Mama. Mtoto mdogo hutazama nyuma. Gari likisimama ghafla, mgongo wake wote unaegemea kiti, shingo haivutwi."

"Kwa hivyo tukifika bomani, Mzee anaingia kinyumenyume?"

Sikuwa nimelifikiria hilo.

"Watu wamejaa langoni," akaendelea, "mwenye boma anafika, anawaonyesha kisogo! Yaye! Hata mwizi wa kuku hutazama anakokwenda. Hapana. Mzee atakaa mbele, kwa magoti yangu. Na hizo kamba zako, mtu mzima hafungwi kama mbuzi wa kupelekwa soko."

Okello, mume wangu, alikuwa akipakia sufuria. Alicheka mpaka akaegemea mlango.

Nilimwelewa Dorca. Anamlilia mumewe kwa njia yake, na sikutaka kumnyang'anya hilo. Niliyeshindwa kumwelewa ni Okello. Wiki iliyopita alileta kiti cha kumwinua mtoto wa shule, kisicho na mgongo wala mikanda yake, akasema kiti ni kiti. Nilimrudishia bila kelele. Hiki nilikipata kwa Magdalene wa kazini, baada ya kumuuliza mara mbili kama kimewahi kuwa kwenye ajali.

"Baba Ogola, mwambie Mama," nikasema.

"Nitaendesha polepole. Si ni hapa na Katito tu? Sisi tulipakatwa na tukakua."

"Na wale ambao hawakukua, umewauliza?"

Aliingia ndani, akarudi na picha kubwa ya Mzee, ile yenye fremu na kioo. Akaisimamisha kwenye siti ya nyuma, upande wa pili, akavuta mkanda, akaufunga. Akauvuta tena kuhakikisha umeshika.

"Kioo kisipasuke," akasema.

Mimi si mtu wa kupaza sauti, na sikuipaza.

"Okello." Huwa simwiti hivyo mbele ya mama yake. "Karatasi ya Mzee umeifunga mkanda. Umeupima. Na huyu anayepumua ashikwe kwa mikono? Tukigonga, hakuna mikono itakayomzuia, hata yako. Atachomoka kwenye magoti kama jiwe kwenye manati, na ule mfuko wa hewa wa mbele umlipukie usoni. Kumbe unajua kioo huvunjika. Mtoto wako ulifikiri ni wa mpira?"

"Unanisema hivyo mbele ya Mama?"

"Nakusema mbele ya baba yako pia. Si huyo hapo, amefunga mkanda?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Dorca aliitazama picha, akamtazama mwanawe, kisha akainama ndani ya gari na kuufungua mkanda ule.

"Hii iende kwenye buti, ndani ya blanketi," akamwambia Okello. "Mimi nitakaa nyuma na Mzee wangu. Lakini tukifika langoni, gari linasimama nje. Ninamshusha, anaingia kwa miguu yake akitazama mbele. Hapo usiniambie kitu, Mama Ogola."

"Hapo sina neno, Mama."

Akakitikisa kiti. "Lakini hiki chako bado kinacheza."

Ni kweli. Okello akapiga magoti, akavuta mpaka shingo ikamtoka mishipa. Hasira zangu zilikuwa hazijaisha, lakini nilimshikia mkanda. Kiti kikaendelea kucheza. Giza lilikuwa linaingia, na wadudu watokao ziwani, hapo karibu, walishaizingira taa ya ndani ya gari, wakituingia machoni na midomoni. Nikachomoa ufunguo wa gari, nikaufunga kwenye pindo la leso, mtoto asije akachukuliwa kabla kiti hakijakaza.

"Ibada ni saa nne," Okello akasema. "Watu watangoja."

"Watangoja."

"Na kikikataa kabisa kukaza?"

"Mtaenda ninyi. Mimi na Ogola tutabaki hapa nyumbani Milimani."

"Mzee akose ibada yake mwenyewe?" Dorca akafyonza. "Okello, kesho uamke kabla ya jogoo. Mtajaribu upande ule mwingine."

Nikaufungua mkanda, ukarudi wenyewe kwenye nguzo ya mlango. Kiti nilikiacha kimelala ubavu juu ya siti, na kijitabu wazi juu yake, kwenye ukurasa ambao tulikuwa hatujaujaribu.