Mlango Uliovimba

"Usiuguse," mwalimu alisema bila kugeuka. "Nakujua."

Seremala akarudisha mkono mfukoni. Mlango wa darasa ulikuwa umevimba kwa mvua; kila aliyeingia aliusukuma kwa bega.

"Mzuie huyo Kesho," mwenzake kinyozi alidakia. "Akiuanza leo, tutasoma bila mlango mpaka mwaka ujao."

Walicheka, naye akacheka. Lilikuwa darasa la watu wazima wenye ADHD, watu ambao akili zao hazitulii, na humo tu jina hilo la Kesho, alilobandikwa na wateja waliochoka kusubiri, halikumchoma. Nyumbani lilimchoma. Kitanda alichomwanzia mkewe hakikuwahi kusimama, na sasa mkewe amehamia kwa kaka yake. Asubuhi alikuwa amepiga simu: "Mkitoka darasani nitakuwa nje, tuzungumze. Nikikukosa, baba watoto, usinitafute tena."

Mwalimu aliandika ubaoni: *Chagua jambo moja dogo. Limalize.*

"Nimechagua," seremala alisema, macho mlangoni.

Mwalimu akashusha pumzi. "Haya. Lakini umalize."

Seremala alifungua bawaba, akaulaza mlango juu ya madawati, akatoa randa mkobani. Maranda yakaanza kujikunja na kudondoka, membamba kama maganda ya kitunguu. Akili yake, iliyozoea kurukaruka kama panzi, ikatua. Hakusikia wenzake wakiagana. Mwalimu alimwambia, "Fundi, muda umeisha," akaitikia "Naam" bila kujua ameitikia nini. Ndani ya mkoba, chini ya msasa, simu ilitetemeka, ikanyamaza.

Alipouning'iniza tena aliusukuma kwa kidole kimoja. Ukajifunga bila sauti. Akageuka, anatabasamu, amwonyeshe mtu.

Madawati yalikuwa matupu.

Akakimbia hadi getini.

"Alikuwa hapa," mlinzi alimwambia. "Amesimama sana, mama wa watu. Akaniuliza, 'Kaka, una hakika yumo ndani?' Nikamwambia yumo, anatengeneza mlango. Akacheka kidogo, akaenda zake."

"Alicheka?"

"Kidogo."

Seremala akapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, imezimwa.

"Pole, fundi. Hasira zitaisha."

Mlinzi akaanza kuvuta geti. Likakwama katikati, chuma kikakwaruza saruji. Seremala aliitazama barabara mpaka inapokata kona, simu bado sikioni. Mkono wake wa pili ulikuwa tayari unapapasa bawaba ya geti.