Helmeti Isiyo na Mstari

Kubandika mstari juu ya helmeti ni kazi ya kumtoa mtu jeuri. Helmeti ni duara, mstari ni mnyoofu, na viwili hivyo havijawahi kupatana. Ukibandika kwa pupa, stika inakunjamana utosini kama shuka iliyotandikwa na mtoto. Zadock aliharibu nyingi kabla ya kujua siri yake: uikate nyembamba kidogo kwenye ncha, uvute uzi kutoka kwenye paji hadi kisogoni upate katikati, uanzie utosini, halafu uipashe kwa hewa moto huku ukiivuta polepole, mbele kwanza, kisha nyuma. Duka alilofanyia kazi huko Satwa, Dubai, lilikuwa la stika za magari. Mchana alipamba pikipiki za wapeleka chakula na milango ya malori. Jioni, arbab wake, yaani mwenye duka, akishaondoka, alipamba helmeti za timu yake.

Timu hiyo iliitwa Nge, nayo ilicheza futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa wanaume kujivika mabega ya plastiki na kugongana kana kwamba wamelaaniana. Wakenya waliokulia kwenye raga waliuita raga ya waoga, mpaka siku waliyogongwa wao. Helmeti za Nge zilikuwa nyeusi, na juu yake ulipita mstari mweupe mpana uliobanwa na miwili myembamba ya njano. Mistari hiyohiyo ilizunguka mikono ya jezi na kushuka pembeni mwa suruali, hata mchezaji akikimbia ukadhani kapakwa rangi kwa brashi moja kutoka kichwani hadi kwenye goti.

Kocha wao, Lawrence, mwalimu mzee wa Kimarekani, hakukubali kabisa kwamba mistari ni pambo. Alimfundisha Zadock, ambaye ndiye aliyekuwa mrushaji wa mpira, kuisoma. Mrushaji ana pumzi moja tu ya kuamua kabla hajaangushwa. Nyuso za wenzake zimefichwa na vyuma, namba zao hazisomeki kwa mbali, na kila mtu anakimbia. Kinachoonekana ni mstari. Mstari ukisimama wima, mwenzako anakutazama. Ukilala upande, macho yake yako kwingine, usimrushie. Zadock alilishika somo hilo vizuri mno. Baada ya msimu mmoja hakuwa tena akitafuta watu uwanjani. Alitafuta mistari, na mkono wake ukafuata.

Lakini mstari haukupewa mtu bure. Kila mgeni kwa Nge alianza na helmeti nyeusi tupu na jezi isiyo na kitu mikononi. Aliyemleta ndiye aliyeitwa kafeel wake, kwa utani, maana kafeel ndiye mdhamini anayeishika viza ya mfanyakazi, na Dubai hakuna asiyejua uzito wa neno hilo. Kafeel akiona mtu wake ameiva, alisimama mbele ya wote baada ya mazoezi, akasema, "Huyu namsimamia, khalas." Basi Zadock akachukua vipimo, na Jumamosi iliyofuata mgeni hakuwa mgeni tena. Asiposema kafeel, hata kocha hakuwa na ruhusa ya kumsemea.

Josephat aliletwa na Zadock. Mama zao walikuwa mtu na mdogo wake, na wawili hao walikulia boma moja Vihiga, wakavaa sare za shule kwa kupokezana. Josephat alikuwa mlinzi wa jengo moja la ghorofa Al Nahda, kijana mrefu, mkimya, mwenye mbio za kuudhi. Mara nyingi alifika mazoezini moja kwa moja kutoka kazini, macho mekundu, sare ya ulinzi imekunjwa vizuri ndani ya mfuko. Hakuwahi kulalamika. Alipewa kazi ya kudaka mipira ukingoni mwa uwanja, akaikimbia njia yake kila mara hadi mwisho, hata ilipokuwa wazi kwamba mpira hauji.

Kila mwisho wa mwezi nahodha wao Yaarub, ambaye babu yake alitoka Unguja na yeye akazaliwa Bur Dubai, aliuliza kama kuna mwenye mtu wa kumsimamia. Kila mara Zadock alitazama viatu vyake. Sababu yake hakuwahi kuisema kwa sauti. Wiki ya kwanza ya Josephat, Nick, Mkenya mwenzao, alikuwa amecheka kwamba sasa timu itahamia Vihiga na wote watafundishwa kula mchicha wa kwao. Ulikuwa utani, na Nick aliusahau kabla hajamaliza kufunga viatu. Zadock hakuusahau. Aliapa moyoni kwamba hakuna atakayesema amempendelea mtu wa nyumbani. Wageni wengine waliokuja baada ya Josephat wakapata mistari yao, na Zadock ndiye aliyewabandikia.

Siku moja Yaarub alimvuta pembeni. "Kaka, huyu kijana keshaiva zamani," alimwambia. "Sote twaona. Wamngojea nini?"

Zadock akajibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwamba isitoshe Josephat hajadaka mipira ya kutosha. Hilo la mipira lilikuwa kweli. Ni nani aliyekuwa akiirusha, hakujiuliza. Watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na Josephat alikuwa amempata zimwi wa kumjua tangu utotoni.

Msiniambie hakumpenda. Alimpenda sana, na hapo ndipo penye uchungu. Mstari wa Josephat alikwisha kuukata mapema, wa stika bora kuliko zote dukani, akauviringisha na kuuweka kwenye droo chini ya mikasi. Alikuwa akiungojea mchezo mmoja tu ambao Josephat angedaka mpira wa maana mbele ya kila mtu, ili asibaki wa kunong'ona.

Badala yake zikaja habari nyingine. Kampuni ya Josephat ilipoteza kazi ya kulinda lile jengo, na walinzi wake wakaambiwa viza hazitaongezwa. Angeondoka siku chache baada ya mchezo wa mwisho wa msimu. Zadock alipopata habari hiyo akaamua: atampa mstari palepale uwanjani, mchezo ukiisha, mbele ya timu zote mbili. Siku ya mchezo aliutia mfukoni mwa koti lake la mazoezi. Angeweza kuubandika kabla ya mchezo. Wazo hilo lilimjia, akaliona halina heshima ya kutosha.

Mchezo ulikuwa mgumu. Taa za uwanja zilikuwa zimewaka, unyevu umetanda, na weusi wa helmeti ulizama kwenye weusi wa pembeni ambako hakukuwa na jukwaa. Nge walikuwa nyuma kidogo tu na walibakiwa na mrusho mmoja wa kuokoa. Zadock alipokea mpira, akarudi nyuma, akaanza kutafuta. Mstari wa kwanza, umezibwa. Wa pili, umelala upande. Wa tatu ulikuwa wa Nick, umesimama wima, lakini wapinzani wawili walimganda kama kupe. Zadock akamrushia huyohuyo. Mpinzani akaupiga mpira chini kwa kiganja, na msimu ukaishia hapo.

Kabla watu hawajamaliza kulaumiana, Josephat alikwisha kuiweka helmeti yake juu ya benchi na kwenda kulipata basi, kwa sababu alikuwa na zamu. Mstari ukarudi dukani mfukoni mwa koti.

Kesho yake Zadock alimwomba Ivy, mke wa Nick, amtumie video ya mchezo. Ivy alizoea kurekodi kila mchezo akiwa amesimama juu ya kiti chake cha kukunja. Zadock alitaka kuuona ule mrusho wake wa mwisho, ajue alikosea wapi. Aliuangalia dukani, wakati arbab amekwenda kuswali. Alimwona Nick na wale kupe wake wawili. Halafu, ukingoni kabisa, alimwona mtu aliyesimama peke yake. Hakuna mpinzani aliyekuwa karibu naye. Mtu huyo alikuwa ameinua mkono.

Zadock alirudisha nyuma akatazama tena, safari hii akijitazama yeye mwenyewe. Kichwa chake kiligeukia upande wa Josephat, kikatulia huko, kisha kikaendelea. Alikuwa amemtazama usoni. Macho yake yalikuwa yakitafuta mstari, hayakuuona, yakapita kama vile pale hapana mtu.

Akamwomba Ivy michezo mingine. Katika kila mmoja, pale ukingoni, alikuwepo Josephat na mkono wake juu. Basi ndivyo ilivyokuwa: alimnyima mstari kwa kuwa hadaki mipira, na hakumrushia mipira kwa kuwa hana mstari. Zadock aliona aibu iliyomchoma masikio, ingawa dukani hakukuwa na mtu wa kumwona.

Jioni hiyo alipanda basi hadi Al Nahda akiwa na helmeti ya Josephat kwenye mfuko, stika, uzi na mashine ya hewa moto. Chumbani walikaa walinzi wengi, na mmoja wao alikuwa anasonga ugali huku akiimba kwa pua. Josephat alikuwa anafunga sanduku. Alimkaribisha kaka yake kwenye kitanda cha chini, akamwuliza kama amekula.

Zadock hakujibu la chakula. Alimweleza kwa maneno yaliyokanyagana kwamba ameona video, kwamba alikuwa wazi kabisa, kwamba kwenye mchezo ule na mingine yote alikuwa wazi, na yeye hakumwona. Josephat aliendelea kukunja shati, akalilaza, akalilainisha kola.

"Hukuniona?" aliuliza mwishowe.

"Haki ya Mungu, ndugu yangu. Macho yangu yalikuwa yanafuata mistari tu."

Josephat akakaa chini. Alitabasamu kidogo, na tabasamu lenyewe halikuwa na furaha.

"Kila mara ulikuwa unageuka upande wangu, Zado. Nami nainua mkono. Mimi nilijua umeniona, ukaamua."

Yule msonga ugali aliacha kuimba. Msimu mzima mtoto wa mama yake mdogo alikuwa ametoka kazini bila kulala, akakimbia mpaka mwisho wa uwanja, akaamini kwamba kaka yake anamwona na kumkataa, na wiki iliyofuata akarudi tena.

"Si ungeniuliza tu?" Zadock alisema kwa sauti ndogo.

"Ningekuuliza nini? Wewe ndiye ulikuwa kafeel wangu."

Hakulisema kwa ukali, na Zadock angependa zaidi kama lingekuwa na ukali. Alitoa helmeti na ule mstari, akasema hata sasa anaweza kuubandika, ni kazi ya muda mfupi, soketi iko wapi. Josephat aliipokea helmeti, akapitisha kidole katikati yake, kutoka kwenye paji hadi kisogoni, mahali ambapo mstari ungepita. Kisha akamrudishia.

"Wacha tu. Hiyo ni ya timu, mimi siendi nayo," alisema. "Twende tule, ugali unapoa."

Wakala. Wakazungumza habari za nyumbani, nani amejenga, nani ameoa, mvua imeanza au bado. Siku ya safari Zadock aliomba ruhusa kazini na kumbebea sanduku hadi ndani ya uwanja wa ndege. Walikumbatiana kwa muda mrefu, na kwa mtu aliyewatazama kwa mbali hakukuwa na kasoro yoyote kati yao.

Msimu mpya ulipoanza, Zadock alisimama mbele ya timu na kusema ile desturi ya ukafeel ife. Kila atakayekuja apewe mistari siku ya kwanza, kichwani na mikononi, mengine atayaonyesha uwanjani. Alidhani watabisha, na kocha Lawrence alibisha kweli, lakini Yaarub alisema hilo lilipaswa kufanywa zamani, na wote wakaunga mkono. Wakampigia makofi Zadock kwa busara yake. Aliyapokea makofi hayo kama mtu aliyevishwa kanzu ya marehemu.

Wiki hiyo alibandika helmeti za wageni wote, moja baada ya nyingine, kwa uzi na hewa moto, na hakuna hata mstari mmoja uliokunjamana. Ile ya Josephat alimpa kijana wa Kifilipino, nayo akaibandikia mstari mpya. Ule wa kwenye droo hakuweza kuugusa.

Alizipanga helmeti zote juu ya meza ya duka, akazipiga picha, akamtumia Josephat kule Vihiga. Akamwandikia kwamba sasa kila mtu anapewa siku ya kwanza, na kwamba ni kwa sababu yake. Alikaa na simu mkononi mpaka jibu likaja.

"Vizuri sana, bro," Josephat aliandika. "Sasa utawaona."