Tuma, Futa

Pascaline alikuwa mtu wa kusema na kompyuta. Ikimtii aliisifu, ikimkwamia aliitukana, na siku ile alikuwa anaitukana tangu asubuhi.

Kibanda chake kiko karibu na soko la Kasongo, mashariki mwa Kongo. Hapo watu wanachapisha barua, wanatoa fotokopi, wanachaji simu kwa umeme wa jua. Katikati ya kazi hizo alijifunza kujenga tovuti kwa programu huria, ile ambayo walioitengeneza wameiacha wazi: ichukue bure, ifungue, ibadilishe utakavyo. Hakuna aliyemfundisha. Alijaribu, akaharibu, akaanza upya, mpaka tovuti yake ikafunguka kwenye simu ya jirani, naye akapiga vigelegele peke yake hadi wauza mchele wakaja kuuliza nani kajifungua.

Tovuti aliiita Habari za Njia. Kazi yake ilikuwa moja tu. Mwendesha pikipiki akikuta daraja limevunjika kati ya Kasongo, Wamaza na Salamabila, aandike palepale, wenzake wajue kabla hawajafika. Msimu wa mvua uliopita mtu alitumbukia na abiria wake mahali ambapo asubuhi palikuwa na kilalo, daraja la miti, na jioni hapakuwa na kitu. Mume wa Pascaline, Evariste, anaendesha pikipiki njia hiyohiyo. Sasa mvua zilikuwa zimeanza tena, na moyo wa mke haukutulia.

Basi tovuti ipo, na watu wanaifungua. Programu yenyewe ilimwonyesha wageni wanavyoingia na kutoka. Lakini hakuna anayeandika, hata mmoja! Pascaline akadhani ni nzito. Akapunguza picha, akang'oa mapambo, akabadilisha sura yote, mpaka ikawa inafunguka upesi hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Wageni wakaongezeka. Maneno hakuna.

"Mama Estelle, achana nayo," Evariste alimwambia asubuhi ile, akifunga mizigo ya Wamaza. "Watu wa motari wanapenda kusema. Kuandika hapana."

"Na weye, Baba Estelle? Haujaandika hata salamu."

"Miye niko na haraka." Akacheka, akawasha pikipiki, akaondoka.

"Haraka!" Pascaline aliiambia kompyuta. "Haraka ya kwenda kuzama!"

Mchana akaingia Amuri, mkuu wa chama cha waendesha pikipiki, ambaye mji mzima unamwita Prezida. Alitaka fotokopi. Pascaline akazishika karatasi zake, hakuziweka kwenye mashine.

"Prezida, kwanza uniambie. Nimewakosea nini? Juu ya nini hamuandiki?"

Amuri akatazama pembeni. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti, lakini sasa alisema polepole. "Mama, tunakuheshimu. Lakini ile mambo ya kufutisha watu haiko muzuri."

"Kufutisha?"

"Ndiyo. Mutu anaandika kilalo imevunjika, iko anasaidia wenzake. Chini yake weye unamwambia: Tuma. Futa. Kutuma, sawa, atatuma. Lakini afute feza juu ya nini? Na anamufutia nani? Weye?"

Pascaline akaifungua tovuti, akavitazama vile vitufe viwili. Alipoisimika ile programu alikuwa amechagua Kiswahili, kwa fahari kabisa, ili Kifaransa kisimtishe mtu. Waliotafsiri ni watu wa Tanzania na Kenya, na kwao kufuta ni kuondoa maandishi, kama mwalimu anavyofuta ubao. Lakini Amuri aliendesha pikipiki Kisangani miaka mingi, na Kilingala kilimkaa mdomoni. Kwa Kilingala, kufuta ni kulipa. Vitufe viwili vimekaa pamoja, na yeye akasoma: peleka, kisha toa pesa. Na Prezida akishasema, neno halilali. Lilizunguka vijiwe vyote hadi Salamabila.

Pascaline alicheka mpaka akaishika mashine ya fotokopi asianguke. Amuri akakunja uso.

"Ni kupangusa, Prezida! Ukikosea, unapangusa, unaandika tena!"

"Sasa mbona haukuandika Pangusa?"

Pascaline akaigeukia kompyuta. Funguo za tovuti alikuwa nazo mwenyewe. Hapo ndipo alipoipenda programu ile kuliko siku zote, maana hapakuwa na bosi wa kumbembeleza. Alifungua faili la maneno, akalisaka Futa, akaweka Pangusa mahali pake. Tuma akalibadilisha kuwa Pelekea wenzako. Juu yake akaongeza: Hapa hakuna kulipa.

"Fungua kwa simu yako," akasema.

Amuri akafungua, akasoma, akasoma tena. "Weye mwenyewe umebadilisha? Sasa hivi? Bila kuomba ruhusa Kinshasa?"

"Bila kuomba mutu."

Prezida akavuta kiti, akasahau fotokopi. Sasa akawa hakamatiki. "Hii *wasilisha*, ondoa! Hapa nani anasema wasilisha? Na hii *rasimu* ni mududu gani?" Wakabishana neno kwa neno kama watu wanaompa mtoto jina. Kisha akarekodi sauti kwa kundi la waendesha pikipiki: "Wandugu, miye Prezida nimeamuru mama abadilishe, na amebadilisha. Muandike!" Pascaline alimwachia sifa zote.

Mvua ikaanza kupiga mabati. Kutoka Salamabila mtu akaandika kwamba njia iko salama. Mwingine akaleta salamu tu, na Pascaline akazishangilia pia. Kisha likaja la kijana aitwaye Glody: *Kilalo ya mbele ya Wamaza, njia ya kuja Kasongo, maji imekula chini. Juu miti inaonekana muzuri. Musipite, mutaingia.*

Furaha ikamkauka. Saa hiyo ndiyo Evariste anatoka Wamaza kurudi nyumbani. Akampigia. Simu ikalia, ikalia, haikupokelewa. Akapiga tena. Amuri akasimama, akavua kofia.

Pascaline akaufungua ukurasa upya, kwa kuwa hakujua la kufanya. Chini ya maneno ya Glody palikuwa na mengine mapya. Akayasoma kwa sauti:

"*Nimesoma. Nilikuwa nimeshapanda motari. Nalala Wamaza. Mama Estelle, usiniwekee chakula. Evariste.*"

Amuri akapumua, akavaa kofia. "Lakini hii haiko habari ya njia," akasema. "Hii ni habari ya chakula."

"Twende nyumbani, Prezida," Pascaline akasema, akilia na kucheka pamoja, wala hakujifuta machozi. "Utakikula weye."