Zornitsa na Dirisha Jeusi

Katika karakana yetu pale mjini Gabrovo, Zornitsa hakukosa kutaniwa. Sisi wengine tuliendesha mashine ya kuchonga chuma kwa kubonyeza picha kwenye skrini. Yeye, aliyeifunga kompyuta kwenye mashine ile kuukuu, alifungua kwenye skrini hiyo hiyo dirisha jeusi lisilo na picha, akaandika amri kwa maneno, na mota zikamtii papo hapo.

"Dada, barua hizo unamwandikia nani?" nilimchokoza siku moja.

"Anayesikia kuliko wewe, Mladen."

Asubuhi moja ya vuli nilikuwa nachonga gurudumu la meno la kiwanda cha sufu. Kisu kilikuwa kimesimama, nikapitisha mkono chini ya kichwa cha mashine kufagia chembe za chuma. Hapo hapo ukakatika waya wa kipimo kinachoiambia kompyuta kichwa kiko juu kiasi gani. Kompyuta ikadhani kichwa kimepanda, ikakishusha. Kikanibana kiganja na vidole juu ya meza.

Nilipiga ukelele mpaka Dobromir, mwenye karakana, akaangusha kikombe chake cha kahawa. Alikimbilia kitufe chekundu cha kuzima umeme.

"Usiguse!" Zornitsa alifoka. "Breki ya kichwa imechakaa! Mota ndiyo iliyokishika. Ukizima, chuma chote kinamwangukia!"

Dobromir akabaki na mkono hewani. Skrini ya picha ilikuwa imeganda, kila kitufe kinakataa. Zornitsa akavuta kiti, akafungua dirisha lake jeusi.

"Unavihisi vidole?"

"Navihisi. Laiti nisingevihisi!"

"Vizuri. Endelea kulalamika, nijue uko macho."

Aliandika bila papara. Kwanza aliiamuru kompyuta iusahau ule waya uliokatika, isikilize kipimo kilichomo ndani ya mota yenyewe. Akasoma namba zilizorudi, akazisoma tena. Mimi nilikuwa namwita Mama Mtakatifu na mama yangu mzazi kwa pamoja.

"Sasa nakiinua unene wa karatasi tu. Usivute mkono mpaka nikwambie."

Akabonyeza. Mota ikaguna. Sikuona kitu kikisogea, ila maumivu yalibadilika, yakawa ya moto.

"Kinapanda," Dobromir alinong'ona, ameinama mpaka pua inagusa meza.

Akaandika tena, na tena, kidogo kidogo, huku macho yake yakiruka kutoka namba hadi mkono wangu. Mwishowe akasema, "Vuta." Nikavuta, nikakaa sakafuni nikilia kama mtoto. Dobromir naye alikuwa analia, akisingizia vumbi.

Hospitalini walikuta vidole viwili vimevunjika, navyo vikaunga baada ya muda. Mashine haikuwashwa tena mpaka ilipopata breki mpya.

Nilipotolewa bendeji, mama yangu alikuja nami karakanani na sinia la banitsa, andazi la tabaka lenye jibini, lililotoka jikoni likifuka mvuke. Hakuuliza Zornitsa ni yupi. Alimwendea moja kwa moja, akaishika mikono yake miwili, akaibusu.

"Basi, mama, basi," Zornitsa alisema, mashavu yamemwiva. "Ishukuru mota. Haikuchoka."

"Mota nitaishukuru baadaye," mama akajibu. "Wewe kula kwanza, umekonda."

Mimi nilikuwa nimetunga maneno mazuri njia nzima, nikayaacha yote. Nilimkatia kipande cha katikati, kile chenye jibini nyingi, nikamwekea mbele yake kwa mkono ule ule uliobanwa.

"Asante, dada," nikasema.

Akanitazama vidole kwanza, kimoja kimoja, ndipo akaanza kula.