Ukungu Kutoka Dzalo

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti lake la mvua, Emérance Katsuva, fundi wa kituo cha kupokea simu za tahadhari, aliwasha mashine na kuiamuru seva ya simu ionyeshe cheti chake. Alikisoma chote, ingawa alikijua kama sala ya chakula: jina la kituo, sahihi ya kukithibitisha, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha. Kisha akaangalia vijiji. Kila kijiji kilikuwa na simu moja ya kituo, na kila simu ilikuwa na taa yake ndogo kwenye kioo, kijani ikiwa imeunganishwa kwa usalama, nyekundu ikiwa imekataa. Mlinzi Jean-Pierre alimletea chai ya tangawizi na kumuuliza kama nchi imeamka vizuri.

Asubuhi moja ya mvua alimjibu kwamba zote ni kijani, na Dzalo pia.

"Dzalo ya kule Djugu?"

"Njo ile."

Jean-Pierre akasema basi ni vizuri, akaenda kufungua geti. Dzalo ilikuwa imeteketea tangu msimu wa mahindi uliopita, na simu yake iliteketea pamoja nayo. Emérance aliikagua laini ile kama anavyokagua laini yoyote. Cheti cha simu kilikuwa halali, jina lilikuwa lenyewe, mazungumzo yalikuwa yamefungwa kwa msimbo imara. Hakuona sababu ya kuikata.

Hii ilikuwa miaka ile ambayo redio ilisema amani imerudi Ituri, na watu wakaisikiliza huku nusu ya mizigo yao ikiwa bado imefungwa. Kituo kilifunguliwa Bunia ili vijiji vipige simu vikiona watu wenye bunduki, nacho kiwaite wanaoweza kwenda. Katika mabonde yale mtandao wa kawaida haukufika, kwa hiyo simu zilipitia sahani ndogo za setilaiti zilizofungwa juu ya mapaa. Hapo mwanzo, watu wasiojulikana waliwahi kujifanya kituo. Walikiambia kijiji kimoja kisikimbie, na hakikukimbia. Tangu hapo Emérance alizifundisha simu zote: kabla ya kusema neno, dai cheti cha kituo, jina likiwa si lenyewe au tarehe ikiwa imepita, nyamaza. Hakuna kidole ambacho kingeweza kuilazimisha simu. Ilikuwa sheria nzuri.

Kukitia cheti tarehe mpya kulihitaji kifaa kidogo cha sahihi, na kifaa hicho kilikaa ndani ya kabati la chuma. Ufunguo wa kabati ulikaa mfukoni mwa suruali ya chef, yaani mkuu wa kituo, Monsieur Didier. Chef alisafiri na ufunguo wake, kama machef wote tunaowajua. Si ubaya. Akiuacha ofisini, watu watauliza chef ni nani hasa.

Saa kumi alasiri, mvua ilipokatika, Dzalo ilipiga. Emérance aliinua mkono wa simu, na kwenye vitundu vyake ukatoka ukungu. Ulikuwa mweupe, wa baridi, wenye harufu ya mikaratusi na moshi wa kuni mbichi. Ulijaa mezani, ukashuka sakafuni, ukapita chini ya mlango. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mwanaume.

"Allô, centre. Hapa Dzalo, ni Liévin. Batu ya bunduki banashuka ku mulima, upande ya mashamba. Bako mingi. Mutume batu. Centre, munanisikia?"

Emérance akasema anamsikia. Sauti ikauliza tena kama wanamsikia, ikauliza mara ya tatu, na laini ikakatika. Jean-Pierre alifungua madirisha na kupangusa sakafu.

Liévin ndiye aliyekuwa mtunza simu wa Dzalo. Emérance aliyajua maneno yale, ingawa hakuwahi kuyasikia. Yalikuwa ya Jumapili ile Dzalo ilipoteketea. Jumapili ile cheti cha kituo kilikuwa kimekwisha tarehe, na chef alikuwa Kinshasa, kwenye warsha juu ya kuwaonya watu mapema, ufunguo mfukoni. Vijiji vyote vilikuwa vyekundu. Simu zilifanya kama zilivyofundishwa, na Liévin akabonyeza mpaka moto ukamfikia. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Hawakusema tufanyeje mbiu ikikataa kulia. Jumanne chef alirudi, akafungua kabati, akatia tarehe mpya, na taa zote zikarudi kijani isipokuwa moja. Kisha akawaandikia wafadhili kwamba poste ya Dzalo, yaani simu ya kijiji kile, haikupiga. Haukuwa uongo mtupu, kwa kuwa hakuna simu iliyoingia, na hilo ndilo lililomuuma Emérance zaidi.

Ukungu ulikuja kila alasiri. Siku ya nne ulimleta Godelive, mjane wa Liévin. Aliuona kutoka kambi ya wakimbizi, pembezoni mwa mji, umekaa juu ya paa la kituo, akaujua.

"Hii ni ukungu ya kwetu," alisema mlangoni, na Emérance akampa kiti.

Kambini walisema mumewe alilewa. Wengine walisema aliwauza. Wanawake walisogeza madumu yao alipofika bombani, na watoto wake waliitwa watoto wa mwenye kunyamaza. Haya aliyaeleza bila haraka, kama mtu anayeeleza njia ya Komanda. Simu ilipoita aliinamisha kichwa na kusikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alikunja kitambaa chake cha kichwani, akakikunjua, akakikunja tena.

"Sitake bulanketi, sitake mahindi," alisema. "Nataka chef akuye mu camp, aseme na kinywa yake: bwana yako alipigaka. Batu bamusikie. Njo ile tu."

Monsieur Didier hakuwa mtu mbaya. Mtoto wa Jean-Pierre alipougua, yeye ndiye aliyempeleka hospitali kwa gari lake. Alisimama ndani ya ukungu ukiwa umemfika magotini, akaipandisha kompyuta yake juu ya kabati ili isilowe, akamsikiliza Liévin kwa heshima. Kisha akamwambia Emérance kwamba rapport, ile taarifa ya wafadhili, ilikwisha kwenda. Ikibadilishwa, wafadhili watafunga mradi, na mradi ukifungwa nani atapokea simu za vijiji vingine? Kambini atakwenda, aliahidi, mambo yakitulia kidogo. Akamwagiza Jean-Pierre anunue turubai la kufunika majalada.

Emérance alirudi nyumbani, mtaa wa Shari, akiwa na hasira, na hasira ile haikumpa usingizi mzuri.

Kesho yake Godelive alikuja na bidon, dumu la njano. Aliuelekeza mdomo wa bidon kwenye mkono wa simu, akalijaza ukungu, akatia mfuko wa plastiki na kukaza kifuniko. Alilipakata juu ya pikipiki mpaka kambini, akalifungua bombani, mbele ya watu. Liévin akasema yote, kuanzia allô. Bibi mmoja aliyekuwa wa kwanza kusogeza dumu lake aliweka mkono shavuni.

"Kumbe alipigaka," alisema.

Kiongozi wa kambi naye alisikiliza. Akasema sauti ni ya Liévin, hilo halina ubishi, lakini karatasi ya kituo inasema vingine, na karatasi iko na cachet, muhuri wa kituo. Sauti ya mu bidon haina cachet. Basi tungojee chef. Wengine wakaanza kumsalimu Godelive, wengine wakangoja chef, na jua la jioni lilipochoma, ukungu ulikuwa umekwisha.

Hata hivyo mji uliuzoea. Saa kumi waendesha pikipiki wa boulevard, ile barabara kuu, waliwasha taa, wauza samaki walifunika beseni zao, na kwaya ya parokia ikasogeza mazoezi mpaka saa kumi na mbili. Watu waliuita ukungu ya centre. Wenye nguo zilizoanikwa walilalamika kidogo.

Mwezi ulipokaribia mwisho, Emérance alisoma cheti asubuhi na kuona kwamba kitakwisha Jumapili. Alimwambia chef Jumatatu, akajibu sawa. Alimwambia Jumatano, akajibu sawa, hebu amalize hotuba kwanza. Ijumaa alipanda ndege kwenda Kinshasa. Alikuwa amealikwa kwenye warsha ili aeleze kituo kimejifunza nini kutokana na Dzalo. Emérance alimpigia mara tu alipotua.

"Na kabati, chef?"

Ukasikika mlio mdogo wa funguo zikiguswa mfukoni.

"Nitarudia mardi," alisema Monsieur Didier, yaani Jumanne. "Bunia iko calme, hakuna fujo."

Jumamosi Jean-Pierre alileta nyundo. Alisema anajua atafukuzwa, akapiga kabati kwa nguvu zote, na kabati likabonyea bila kufunguka. Lilikuwa la chuma cha zamani. Walikaa sakafuni wakinywa chai iliyopoa.

Jumapili baada ya misa Emérance aliingia ofisini na nguo zake za kanisani. Godelive alikuwa ameshafika, bidon miguuni. Tarehe ikapita. Taa zikaanza kugeuka, moja moja, bila kelele: vijiji vya milimani, vya barabarani, vile vya karibu na ziwa. Kila simu ilikitazama cheti cha kituo, ikakiona kimekwisha, ikanyamaza kama ilivyofundishwa na Emérance mwenyewe. Kioo chote kikawa chekundu. Ilibaki taa moja ya kijani, na ilikuwa ya Dzalo.

Saa kumi ikaita. Ukungu ulitoka mzito kuliko siku zote, ukafunika meza na magauni yao.

"Allô, centre. Hapa Dzalo, ni Liévin. Batu ya bunduki banashuka ku mulima. Centre, munanisikia?"

Godelive aliusogelea mkono wa simu.

"Tunakusikia, Liévin," alisema. "Siye tunakusikia."

Safari hii sauti haikuuliza tena. Ililegea, kama mtu aliyetua mzigo.

"Ah, Godelive. Ni weye." Halafu ikauliza, "Na bengine? Poste zote zimenyamaza. Iko nini?"

Emérance alikitazama kioo. Alitamani kuwa na jibu lingine.

"Certificat imeisha, papa Liévin," alisema. "Chef iko mu mission."

"Ah," alisema Liévin. Hakusikika kushangaa. Kupitia ukungu walisikia mbuzi, na mbali kidogo miguu ya watu wengi ikiteremka.

"Basi miye nitabakia ku laini," alisema.

Jean-Pierre akaenda kufungua madirisha.