Mtambo Ulionyamaza

Mtambo mpya uliponyamaza, Loveday Trezise alitupa nyundo aliyokuwa akipondea mawe yenye madini ya bati, akatimua mbio. Mumewe, Digory, alikuwa chini kabisa mgodini, na bila mtambo wa mvuke wa kuvuta maji kule chini hakukaliki.

Tena kulikuwa na jingine lililomkaa rohoni. Makaa ya mawe hapa Cornwall, pembeni mwa Uingereza, hayachimbwi, huletwa kwa meli kutoka Wales, na mtambo wa zamani ulikuwa mlafi usioshiba. Wenye mgodi walikwisha sema kwamba huu mpya nao ukila hivyo, wanafunga. Hapo Digory angekwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Mexico, na waliokwenda huko hawakuwa wepesi wa kurudi.

Alipoingia nyumba ya mtambo, Mzee Hannibal, mwendesha mtambo, alikuwa ameketi anakula mkate wake wa nyama na viazi, hana habari.

"Mzee, mtambo umekufa na wewe unakula?"

"Nani kafa? Tulia, binti. Tazama."

Juu yao boriti ya chuma, nzito kuliko nyumba ya Loveday, ikainama taratibu kama mtu anayechota maji. Ikainuka. Ikatulia.

"Anapumzika kila baada ya kuvuta," Hannibal akasema. "Yule wa zamani alibugia mvuke mwanzo mwisho. Huyu anaonja tu, mlango wa mvuke unafungwa, na kale kamvuke kalikoingia kanatanuka kenyewe, kanamaliza kazi. Hata joto halitoki. Shika hapa."

Loveday akagusa mbao zilizofunika silinda, lile pipa la chuma linaloingia mvuke, akitegemea kuungua. Vuguvugu tu. Moto wote ule ulikuwa ndani, kazini. Akatazama fimbo, makomeo na vizito vilivyopangana, kila kimoja kikimwachilia mwenzake kwa zamu, wala hapakuwa na mkono wa mtu. Alizaliwa hapahapa mgodini, lakini kitu kama hiki hakuwahi kukiona. Mwili ulimsisimka. Aliogopa, na hofu yenyewe ilikuwa tamu.

"Na makaa?"

"Lile fungu pale, yule wa zamani angelimaliza asubuhi. Huyu hata robo hajafika. Na maji ya mgodini yanashuka, walio chini wamenipa habari sasa hivi. Mumeo haendi Mexico, labda kama umemchoka."

Loveday akacheka huku machozi yakimtoka.

Mtambo ukanyamaza tena. Safari hii hakushtuka. Alisimama palepale, kiganja kwenye mbao, akitamani kile kimya kizidi kurefuka. Kadiri kilivyorefuka ndivyo makaa yalivyobaki, na ndivyo Digory alivyobaki.