Injini Iliyokataa Mlima

Injini nyingine ilikuwa imekwisha kufika. Ilining'inia kwenye mnyororo katikati ya gereji ya fundi Zafy, bondeni Mahamasina, ikidondosha oili nyeusi. Kando yake aliketi Bwana Ratsimba na karatasi yake na kibweta cha wino. Yeye ndiye angeilipia, na alitaka kitu kimoja tu: jaruba la mpunga la Bi Ravao, lile lililo chini ya kaburi la wazee wake. Kidole gumba cha mama huyo kikigusa karatasi, limekwenda.

Sahondra, binti wa Bi Ravao, alisimama kando ya teksi yake kuukuu ameshika plagi nne kiganjani. Teksi hiyo ndiyo iliyowalisha wawili hao tangu baba afe. Wiki ya pili sasa ilikuwa ikimzimikia mlimani. Bondeni inanguruma vizuri. Ikipanda, inakohoa, inakata roho. Ukiingoja robo saa, inawaka kama haikuwa na lolote.

Zafy alikwisha kuihangaikia mara tatu. Alisafisha kabureta, akabadili koili, akaiwasha palepale uani kwa kidumu chake mwenyewe cha petroli, maana hakuna dereva wa Antananarivo anayemwachia fundi chupa yake. Tangi la teksi kongwe lina kutu, na petroli ni dhahabu. Kwa hiyo gari hunywa kutoka chupa ya plastiki iliyowekwa ndani, na dereva akishuka huikwapua akaondoka nayo. Uani injini ilizunguka saa nzima bila kukohoa. Zafy akakata kauli kwamba haina ugonjwa, ina uzee.

"Limekula chumvi kuliko mimi, dada," alisema, akiujaribu mnyororo. "Mzee hapandi mlima. Tumpumzishe."

Sahondra alimwonyesha plagi. Injini iliyochoka hula oili, ikapaka plagi masizi, ikatoa moshi wa buluu. Hizi zilikuwa nyeupe kama majivu, na moshi hakuwahi kuuona. Zafy alizipindua moja moja, akakuna kidevu.

"Hii haijachoka, fundi. Ina njaa."

"Njaa gani, na kwangu imekunywa mpaka imecheua?"

"Basi panda nami. Mlima mmoja tu. Ikizima, itoe."

Bwana Ratsimba alitazama saa yake, akasema kwa upole kwamba saa sita haitamkuta hapo, na akiondoka na karatasi hairudi tena. Bi Ravao alikuwa ameificha mikono ndani ya shuka lake. Akaingia kiti cha mbele.

Zafy aliketi nyuma. Kishikio cha chupa alikwisha kukifungua ili aitoe injini, kwa hiyo Bi Ravao aliibana chupa kati ya miguu yake, shuka likaifunika.

Waliushika mlima wa Ambohipotsy kwa gia ya pili. Mawe ya barabara yaligonga chini ya viti. Kona ya kwanza wakaipita. Ya pili wakaipita, na Sahondra akahisi usukani ukiteleza kwa jasho lake. Nyuma, Zafy aliacha mzaha. Mbele yao ukatokea ukuta wa kanisa, pale ambapo teksi ilimzimikia jana na juzi.

Injini ikakohoa.

Akaingiza gia ya kwanza. Ikakohoa tena, ikatetemeka, ikanyamaza. Teksi ikaanza kurudi nyuma. Sahondra akavuta breki ya mkono kwa mikono miwili, Zafy akaruka na kusukumiza jiwe chini ya gurudumu.

"Pole, dada," alisema, akageuka kushuka kwa miguu.

Sahondra aliinamisha paji la uso kwenye usukani. Aliliona jaruba, maji yake, mgongo wa mama yake wakati wa kupandikiza.

"Sahondra," mama yake akasema polepole. "Hii chupa inanikimbia miguuni. Niliibana, sasa imekonda."

Akalifunua shuka. Chupa ilikuwa imebonyea mbavu zote, kama shavu la mzee anayevuta kiko, na petroli ingali nusu. Sahondra akakizungusha kifuniko. Chupa ikavuta pumzi ndefu, mbavu zikarudi mahali pake.

Zafy alisikia, akarudi mbio. Wote wawili wakakitazama kifuniko. Mpira wa petroli ulipita katikati. Pembeni palikuwa na tundu la msumari, la kuingizia hewa kila petroli inapotoka. Tundu lilikuwa limezibwa kwa kitu cheupe, kigumu. Sahondra akakikwaruza kwa ukucha. Sabuni.

"Ni mimi," Bi Ravao akasema. "Harufu ilikuwa inashika gauni langu la kanisani."

"Kumbe bondeni matone yalitosha," Zafy akasema, "mlimani yakapungua." Bi Ravao akachomoa pini kwenye msuko wake, akaitoboa ile sabuni, akaipuliza.

Teksi iliwaka mara ya pili ilipojaribiwa. Ikapanda, ikaupita ukuta wa kanisa, ikafika kileleni bila kukohoa. Walishuka injini ikiwa imezimwa, kama madereva wote wa mji ule wanaobana petroli, na katika ukimya ule Sahondra akasikia mama yake akilia, au akicheka.

Gerejini Bwana Ratsimba alikwisha kufungua kibweta cha wino. Bi Ravao aliirudisha mikono yake ndani ya shuka.

"Uende, bwana," alisema. "Ulituambia una haraka."

Zafy alibaki akiishusha injini ya watu chini, pingili kwa pingili. "Siku nyingine, dada," akasema bila kugeuka, "uniletee na chupa."

Sahondra alikuwa amekwisha kuikwapua. "Hilo usahau, fundi."